Pembe nyembamba za mwaka wa kwanza: usimhukumu dume kabla hujawajua mama

Swali limetoka kwa Mkenya anayeishi kusini mwa Texas, Marekani, anayefuga kulungu mkia-mweupe kwa ubia na mwenye shamba. Alinunua majike sita mnadani, akawahamilisha kwa mbegu za dume mwenye pembe za inchi 310 (vipimo vyote vya pembe vikijumlishwa, si urefu wa pembe moja), akapata ndama wa kiume wanne. Septemba iliyopita, wakiwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, pembe zao zilipimwa zikatoka kati ya inchi 60 na 95, na mmoja alitoa vijiti viwili tu visivyo na tawi hata moja. Chakula ni mahindi na peleti zenye protini ya asilimia 16, nusu kwa nusu. Jirani amemshauri awaondoe wote wanne na atafute dume mwingine. Anauliza kama jirani yuko sahihi, na afanye nini kabla ya msimu wa Novemba.

Ndugu yangu, usiwauze bado. Pembe za mwaka wa kwanza ni kipimo kibovu cha kijana mwenyewe, na ni kipimo kibovu zaidi cha baba yake. Tena maelezo yako yana pengo moja kubwa: umetaja ukoo wa dume, bei ya mirija ya mbegu na chakula unachotoa, lakini kuhusu majike umesema tu kwamba ulinunua mnadani. Nusu ya pembe unazozitafuta imebebwa na hao majike sita wasio na pembe, nawe hujui wanachobeba.

Turudi kwenye pembe zenyewe, kwa kuwa wengi wetu tumekulia kwenye ng'ombe na mbuzi. Pembe ya ng'ombe, mbuzi au swala ni ala ngumu kama ukucha iliyovikwa juu ya mfupa, na mnyama hukaa nayo maisha yake yote. Ya kulungu mkia-mweupe ni mfupa mtupu unaoota upya na kuanguka kila mwaka. Machi au Aprili huanza kuchipuka kutoka kwenye vitako viwili vya fuvu, imefunikwa ngozi laini ya mahameli iliyojaa mishipa ya damu. Juni na Julai ndiyo miezi ya kasi. Dume mzuri huweza kuongeza zaidi ya sentimita moja kwa siku. Mchana unapoanza kufupika homoni ya kiume hupanda, damu hukatika, mfupa hukauka, na kufikia Septemba dume huwa anaisugua ile mahameli kwenye miti mpaka itoke. Kati ya Januari na Machi homoni hushuka na pembe huanguka. Kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana, lakini kwa mnyama huyu urefu wa mchana ndio unaopanga kila kitu, pembe za dume na joto la jike vilevile.

Kwa hiyo dume ana kama miezi minne ya kujenga mfupa mzima. Pembe iliyokauka ni zaidi ya nusu madini, hasa kalsiamu na fosforasi, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni protini. Hawezi kula madini hayo kwa kasi inayotakiwa, kwa hiyo huyakopa kwenye mbavu na mifupa mingine, halafu huyarudisha baadaye. Kijana wa mwaka mmoja bado anajenga hiyo mifupa yenyewe. Mwili wake huhudumiwa kwanza, na pembe hupata kinachobaki. Ndiyo maana kwa makadirio ya kawaida dume wa mwaka mmoja na nusu huonyesha robo hadi theluthi tu ya pembe atakazokuwa nazo akikomaa. Akiwa na miaka miwili na nusu hufika kama asilimia 60, mitatu na nusu asilimia 75 hadi 80, na porini kilele huja kati ya miaka 5 na 7. Wa shambani hukomaa mapema kidogo kwa sababu hawapitii njaa.

Sasa watazame vijana wako wanne mmoja mmoja. Nani alizaliwa mwishoni mwa Mei, nani Julai? Ndama aliyechelewa wiki sita hana muda wa kuzifidia kabla ya pembe za kwanza kuanza. Nani alikuwa pacha? Nani mama yake alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza, mwenye maziwa machache? Nani aliharisha au alikohoa alipokuwa mdogo? Mambo haya manne yanatosha kumfanya kijana wa ukoo mzuri atoe vijiti. Kuhusu hivyo vijiti, hata wataalamu wamevutana miaka mingi. Watafiti wa Kerr Wildlife Management Area, kituo cha serikali ya Texas ambacho kimefuga kulungu wa majaribio tangu miaka ya 1970, waliona kwamba kundi la vijana wenye vijiti hubaki nyuma ya wenzao hata wakikua. Utafiti mwingine wa kulungu wa porini kusini mwa Texas, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wakifika miaka minne na nusu tofauti haionekani tena. Matokeo hayo mawili hayagombani sana. Kerr wote walikula chakula kimoja ndani ya ua mmoja, kwa hiyo tofauti kubwa iliyobaki ilikuwa ya damu. Porini mvua, ukame na tarehe ya kuzaliwa huvuruga kila kitu. Shamba lako liko katikati ya hali hizo mbili.

Tuje kwa mama. Chuo Kikuu cha Mississippi State kilichukua kulungu kutoka maeneo matatu ya jimbo hilo, mengine yenye udongo wenye rutuba na mengine udongo hafifu, kikawalisha wote chakula kizuri kilekile. Kizazi cha kwanza kilichozaliwa uani kutoka kwa mama wa udongo hafifu kilibaki kidogo. Kizazi kilichofuata kilipiga hatua na tofauti ikapungua sana. Yaani mama aliyekulia kwenye shida hulipitisha deni hilo kwa watoto wake hata ukimshibisha wewe, na dawa yake ni muda. Kama majike wako wa mnadani walitoka kwenye shamba lililobana chakula, wanao wanne wamelipa sehemu ya deni ambalo si lako.

Juu ya hilo kuna hesabu ya kurithi. Tuseme, kwa mfano tu, kundi la majike wako lingezaa vijana wa inchi 180 wakipandwa na dume wa kawaida, wote wakipimwa wakiwa na miaka miwili. Unaleta dume ambaye yeye mwenyewe alikuwa na inchi 240 katika umri huo. Amelizidi kundi kwa inchi 60, lakini yeye ni mzazi mmoja tu kati ya wawili, kwa hiyo kinachoingia kwenye hesabu ni 30. Sehemu ya hizo 30 ililetwa na chakula na matunzo, hairithiki. Ukichukua kiwango cha kurithika cha 0.4, yaani sehemu nne kati ya kumi ndizo za damu, unabaki na inchi 12. Vijana wako watakuwa na wastani wa 192. Ndiyo faida ya mbegu za bei mbaya juu ya majike wa kawaida katika kizazi kimoja, na anayekuahidi zaidi anauza mirija. Faida hujilimbikiza tu ukiwabakiza mabinti wa dume huyo na kuwapandisha kwa dume mwingine mzuri. Hukutaja kama kati ya majike sita walizaliwa mabinti. Kama wapo, hao ndio mtaji wako, kuliko vijana wanne unaohangaika nao.

Jike asiye na pembe hupimwa kwa ndugu zake: pembe za baba yake, za babu mzaa mama yake, za kaka zake wa mama mmoja, na juu ya yote za wanawe wenyewe kwa madume tofauti. Jike aliyezaa vijana watatu wazuri kwa madume watatu tofauti ni wa thamani kuliko dume yeyote wa gazetini. Kabla hujaamini karatasi ulizopewa mnadani, ng'oa nywele pamoja na mizizi yake kwa kila jike na kila kijana, ukipeleka sampuli za vinasaba North American Deer Registry, daftari la ukoo wa kulungu wa shambani, watakuthibitishia nani mwana wa nani. Makosa ya ukoo ni mengi, hasa pale dume wa kufuatilizia, yule dume hai wa kuwapanda majike wasioshika mimba, alipoingizwa mapema mno baada ya uhamilishaji. Inawezekana kabisa kwamba mmoja wa wanne hao si mtoto wa dume wa 310.

Na hiyo namba 310 yenyewe ichambue. Kipimo kinachotumika kwa kawaida ni cha Boone and Crockett Club, klabu ya wawindaji ya Marekani, kilichoanza kutumika 1950. Unajumlisha upana wa ndani kati ya mashina mawili, urefu wa kila shina, urefu wa kila tawi, na mzunguko wa kila shina sehemu nne. Tepu iwe ya chuma, upana wa robo inchi, na unasoma hadi sehemu ya nane ya inchi. Chipukizi linahesabika kuwa tawi likiwa na urefu wa inchi moja au zaidi na urefu huo ukizidi upana wake. Mzunguko wa kwanza hupimwa pale palipo pembamba zaidi kati ya pete ya chini na tawi la kwanza, si juu ya pete yenyewe, na hapo ndipo wapimaji wa mnadani hujiongezea inchi. Dume mwenye mashina ya inchi 24 kila upande, upana wa 18, na mizunguko minane ya inchi 4.5 ana inchi 102. Akiwa na inchi 68 za matawi amefika 170, ambacho ndicho kiwango cha chini cha rekodi za kudumu za klabu hiyo kwa pembe zenye mpangilio wa kawaida. (Wanyama wa ndani ya ua hawapokelewi kwenye rekodi hizo kabisa, wafugaji wameazima kipimo tu.) Ukisikia 310, uliza: ni mashina marefu na matawi yaliyosimama, au ni vichipukizi arobaini vilivyoning'inia kila upande? Vichipukizi huongeza namba haraka, ila vikirithiwa juu ya shina fupi vinaleta pembe kama kichaka kilichopigwa na upepo, na wanunuzi wengi wameshazichoka. Kwa majike usiowajua vizuri, dume wa 230 mwenye shina la inchi 26, upana wa 20 na pande mbili zinazofanana ni chaguo bora. Mifupa mizuri ya msingi ndiyo ngumu kuipata. Vichipukizi utavipata wakati wowote.

Chakula sasa, na hapa kuna kosa ambalo ninaamini limekugharimu kuliko dume. Lebo ya peleti inasema asilimia 16, lakini mahindi yana protini ya asilimia 8 hivi. Ukichanganya nusu kwa nusu, kulungu wako wanakula asilimia 12. Kerr walilinganisha madume waliolelewa kwa asilimia 16 na wale wa 8, na wale wa 8 walibaki na miili midogo na pembe ndogo mwaka baada ya mwaka. Wewe uko katikati kabisa. Kijana anayekua na jike anayenyonyesha wanahitaji 16 hadi 18 ya chakula chote kinachoingia tumboni, siyo ya gunia moja kati ya mawili. Na si kwamba kulungu anagawanya kwa haki: dume mkubwa huokota anachopenda, na anachopenda ni mahindi.

Mahindi yana tatizo la pili. Kalsiamu yake ni kidogo mno kulinganisha na fosforasi, wakati pembe na mifupa vinataka kalsiamu iizidi fosforasi kama mara moja na nusu hadi mbili. Uwiano ukipinduka kwa muda mrefu, mbali na pembe nyembamba, madume hupata mawe ya mkojo: utamwona amesimama amekunja mgongo, anajikamua, mkojo unatoka matone. La tatu ni asidi. Kulungu aliyeshindilia mahindi mengi kwa mara moja tumbo lake la kucheulia huchachuka, anaacha kula, anaharisha, na akipona kwato huota ndefu na kujikunja mbele kama viatu vya zamani vya sultani. Ukiona kwato za namna hiyo kwa zaidi ya mnyama mmoja, usitafute ugonjwa, angalia pipa la chakula.

Fanya hivi: punguza mahindi kidogo kidogo kwa wiki tatu mpaka yabaki kiasi cha kuwaita tu, konzi chache kwa kila mnyama. Peleti ziwe chakula kikuu, na alfalfa (malisho ya jamii ya kunde) safi yenye majani iwepo muda wote kwa ajili ya nyuzi. Dume wa kilo 90 hula kilo mbili hadi tatu za chakula kikavu kwa siku, ila usishtuke akipunguza nusu wakati wa kupandana na katikati ya baridi, ndivyo alivyo. Usinunue chakula cha kondoo ati kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kondoo huuawa na shaba nyingi, kwa hiyo chakula chake hunyimwa shaba, na kulungu asiye na shaba ya kutosha hujenga mifupa dhaifu. Mahindi utakayobakiza yawe yamepimwa sumukuvu. Kwenye mahindi yanayouzwa kwa ajili ya kulungu Texas, sumu hiyo haitakiwi kuzidi sehemu 20 kwa bilioni. Weka vihori vitatu mbali mbali, dume mbabe asiweze kuvilinda vyote kwa wakati mmoja. Kijana wako wa vijiti huenda ndiye anayesubiri wenzake washibe. Simama umbali wa kutosha jioni moja na darubini, utajua ndani ya nusu saa.

Kwa Novemba, ratiba ya uhamilishaji unayoifahamu kwa juujuu ina sehemu tatu zinazoharibika mara kwa mara. Kifaa cha progesteroni (homoni ya kupanga joto la majike), kile kile cha mbuzi, hukaa ukeni siku 14. Siku ya kukitoa daktari hudunga homoni ya kuchochea mayai, na karibu saa 60 baadaye mbegu huwekwa moja kwa moja kwenye pembe za mfuko wa uzazi kwa laparoskopi, kupitia vitundu viwili vidogo tumboni. Kosa la kwanza ni kutokuandika saa. Ukianza kutoa vifaa saa mbili asubuhi na kumaliza saa sita, jike wa mwisho yuko nyuma kwa saa nne, kwa hiyo wapangwe mezani kwa utaratibu uleule waliotolewa vifaa. Kosa la pili ni tumbo kujaa. Jike alale bila chakula kama saa 24 kabla, la sivyo atatapika akiwa amelala na kuvuta uchafu mapafuni, mbali ya kumziba daktari asione kizazi. La tatu ni mrija wenyewe. Unatoka kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukikiinua kishikizi chake juu ya mdomo wa tangi kwa sekunde chache ukitafuta namba, mirija mingine yote iliyomo imeanza kuharibika. Uyeyushe kwa maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika, ukaushe, usiuache juani.

Kisha mwache jike akae bila dume wiki mbili. Hapo ndipo ukoo huvurugika. Mimba huchukua siku 200 hivi, kwa hiyo jike aliyehamilishwa tarehe 10 Novemba anazaa karibu na 29 Mei. Asiyeshika hurudi kwenye joto baada ya wiki tatu hadi nne, na akipandwa na dume wa kufuatilizia atazaa katikati ya Juni au baadaye. Ukimwingiza dume siku ya tatu, tarehe haitakusaidia tena na kila ndama atahitaji kipimo cha vinasaba. Ndama wapigwe hereni ndani ya siku mbili za kwanza. Baada ya siku nne hutamkamata. Hakikisha kila mmoja amepata dang'a mapema, na ukilazimika kulea kwa chupa, fanya hivyo kwa majike tu kama unaweza. Dume aliyelelewa kwa chupa hakuogopi, na asiyekuogopa atakuchoma kwa pembe Novemba akidhani wewe ni dume mwenzake. Watu wamekufa hivyo. Si mzaha.

Kushika wanyama kufanywe saa za ubaridi tu. Kulungu akifukuzwa kwa nguvu joto la mwili hupanda na misuli huanza kuoza ndani kwa ndani, akaanguka siku hiyo au wiki inayofuata wakati umeshasahau. Joto likipita nyuzi 41, acha kazi zote, mwagie maji, mrudishe. Kichochoro cha kushikia kiwe na kuta ngumu za plaiwudi zisizopitisha mwanga. Kulungu anayeona mwanya wa seng'enge huurukia. Madume usiwaguse kabisa kati ya Mei na Agosti, kwa kuwa pembe iliyo kwenye mahameli ikigonga ukuta huvunjika, inavuja damu, na mwaka huo umekwisha.

Mahameli ikishatoka, wakate pembe wote wanaobaki ndani ya ua kabla hawajaanza kupigana. Mfupa umekufa, hauumi. Lakini acha sentimita tano juu ya pete. Mwenye haraka hukata chini ili pembe ionekane ndefu kwenye picha, kisha usaha hupenya kwenye kitako cha fuvu na dume anakufa kwa jipu la ubongo Januari: anazunguka upande mmoja, hana woga, jicho moja halioni. Upana wa ndani upime kabla ya msumeno, kwa kuwa baada ya hapo hakuna wa kuupima. Kila jozi iandike namba ya hereni na mwaka kwa kalamu isiyofutika, uihifadhi. Mtu akitaka kununua kijana wako, kumwonyesha pembe za mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu za baba na kaka zake kuna nguvu kuliko cheti.

Magonjwa ni somo refu, nitataja mawili tu yanayogusa uamuzi wako. Visubi wanaozaliana kwenye matope huleta homa ya kutoka damu ndani, ya virusi, mwishoni mwa kiangazi. Dume mzuri jioni, maiti kando ya maji asubuhi. Kausha tope linalozunguka birika, na zungumza na daktari kuhusu chanjo mapema, siyo Agosti. La pili ni ugonjwa wa kukonda wa kulungu, unaosababishwa na prioni (protini iliyokunjika vibaya), ulioonekana kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na kuingia kwenye mashamba ya ufugaji ya Texas mwaka 2015. Hauna tiba wala chanjo, na mnyama mmoja tu akithibitika, shamba linafungwa karantini, mara nyingi kundi zima huangamizwa. Kwa hiyo unapochagua dume wa Novemba, pembe zisiwe swali la kwanza. Uliza matokeo yake ya jeni ya prioni, hasa kama amebeba S kwenye nafasi ya 96 (aina ya jeni inayomsaidia kuhimili), na thamani yake ya kinasaba ya kuhimili ugonjwa huo, ambapo namba iliyo hasi zaidi ndiyo nzuri zaidi. Hakuna inayompa kinga kamili. Kati ya mirija miwili yenye pembe zinazokaribiana, hata hivyo, ni upuuzi kuchukua ule dhaifu kwa ajili ya inchi kumi.

Mpango wangu kwako ni huu. Pima vinasaba vya wote mwezi huu. Majike wawili bora kwa ukoo na kwa maziwa wahamilishe kwa dume mwenye shina refu na jeni nzuri za kuhimili. Wanne wanaobaki wapewe dume hai, gharama ya laparoskopi haiwastahili mpaka uwajue. Vijana wanne wale chakula kilichorekebishwa hadi Septemba ijayo, wapimwe wakiwa na miaka miwili, walinganishwe wao kwa wao na siyo na picha za jirani. Atakayekuwa chini ya wenzake kwa mbali, na mama yake hana mtoto mwingine mzuri, ndiye wa kuondoka, pamoja na mama yake.

Hata huyo hutampakia kwenye gari tu. Texas kulungu ni mali ya umma hata akizaliwa ndani ya ua wako; wewe una kibali, si hati ya kumiliki. Kabla hajahamishwa anahitaji, kutegemea anakokwenda, kipimo cha ugonjwa wa kukonda akiwa hai, kwa kawaida kipande kidogo cha nyama ya puru au tonsili kinachotolewa na daktari aliyeidhinishwa, kibali cha uhamisho kutoka Texas Parks and Wildlife Department, na alama zote kama kanuni za mwaka huo zinavyotaka. Kanuni hizo hubadilika, zisome upya kila msimu. Kumvusha mpaka wa jimbo bila karatasi ni kuvunja sheria ya serikali kuu iitwayo Lacey, inayokataza biashara haramu ya wanyamapori. Anza kumtafuta daktari wa kipimo wiki sita kabla ya tarehe ya kuuza, kwa sababu maabara huchukua muda na sampuli isiyo na chembe za kutosha hurudishwa, ukaanza upya.